Koti la Sufu Kwenye Friza ya Samaki

Alhamisi. Jua kali tangu asubuhi, na mimi situlii.

Kwa unyenyekevu na kwa kukubali mapenzi ya Mungu, natangaza kifo cha nondo mmoja, mkazi wa kola ya koti, kilichotokea hapa Migori baada ya kusumbuliwa na baridi kwa muda mfupi. Ameacha mayai mengi, nayo yamemfuata.

Koti lenyewe ni la sufu, refu hadi magotini, zito kama mtu aliyelala. Lilivaliwa na babu yake Mzee Chacha wa Ntimaru, aliyekuwa askari enzi za mkoloni. Jumapili kikundi cha kanisa letu kinaenda Homa Bay kuigiza mambo ya enzi hizo. Mzee alituazima kwa sharti moja: nizibe matundu ya nondo, kisha koti lirudi kwake, maana ni la wajukuu.

Mgongoni ungeweza kuchekechea unga.

Kazi yangu ni sare za shule. Kufuma sufu nimejifunzia kwenye simu, kwa mama mmoja mzungu anayenong'ona kama yuko kwenye matanga. Yeye ndiye aliyesema nguo igandishwe kwanza ili mayai ya nondo yafe. Hakusema friza iwe ya nani. Huku kwetu friza ni ya samaki.

"Weka tu, nyaminwa, dada yangu," rafiki yangu Atieno, muuza samaki, akaniambia. "Samaki hawana wivu."

Koti lilitoka likinuka mbuta. Nimelianika kivulini wiki nzima, na paka wa jirani bado anakuja kulisalimia.

Nyuzi nilizichomoa kwenye pindo la ndani la koti lenyewe, kwa sababu uzi wa dukani hung'aa na kujitangaza. Juu, chini, juu, chini, mpaka macho yakalia. Tundu la mwisho lilikuwa pajani, upande wa kushoto, la mviringo kama sarafu. Hilo nililifuma vizuri kuliko yote. Niseme ukweli: nilitaka mzee alitafute alikose.

Leo mchana amekuja kukagua. Akaligeuza koti, akalinusa, akageuza uso kwa adabu. Kisha akaanza kupapasa paja la kushoto.

"Liko wapi?"

"Nini, mzee?"

"Tundu la kiko."

Nikamwonyesha mahali lilipokuwa, meno yote nje, nikidhani sifa zinakuja.

Kumbe babu yake aliwahi kusinzia na kiko mdomoni, moto ukamwangukia pajani. Baada ya hapo kila mtoto wa boma lile alipopakatwa alitia kidole kwenye lile tundu huku babu akisimulia. Mzee Chacha naye alitia chake. Wanawe pia, babu alipokuwa hayupo tena na koti limebaki kwenye sanduku.

"Naweza kufumua," nikasema.

"Ukifumua litakuwa tundu lako, binti yangu."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimaliza chai, akasema koti liende Homa Bay kama alivyoahidi, akapanda boda akaenda zake.

Tangu aondoke nimelikunja koti na kulikunjua. Nimeshika sindano, nimeiweka. Nimewasha jiko, nikazima kabla makaa hayajashika vizuri. Nilitaka kufanya nini na kaa la moto, mtu mzima mimi?

Jumapili mzee naye atakuwa Homa Bay, amekaa mbele kutazama. Nimfuate nimwombe radhi, au nimwache atazame kwa amani?

Nimejaribu kujitetea. Kwamba hakunionya. Kwamba kwenye nguo iliyoliwa namna ile fundi yeyote angekosea, tundu ni tundu.

Kingo za hilo moja zilikuwa nyeusi. Nilizikata kwa makasi kabla sijaanza.