Sifuri Uliyonikataza

Dada Rukia,

Mama hajambo, ila chakula cha mchana hapiki tena. Binti yako Salma yuko kwetu, mtaani Malindi. Analala na kanga yako na hataki ifuliwe. Mimi bado naishughulikia ile programu ya dozi za watoto niliyoiandikia wodi yako.

Wiki iliyopita mkuu mpya wa kompyuta pale hospitali aliniita. Alitaka kila namba ioneshe tarakimu mbili baada ya nukta, 5 iwe 5.00, zijipange vizuri kwenye skrini. Kuibadilisha ni kazi ya mstari mmoja tu.

Nikakumbuka ulivyoingia chumbani kwangu umetoka zamu, viatu mkononi, ukaona nimeandika mililita 5.0. Ukaifunika nukta kwa ukucha. "Hebu soma sasa." Nikasoma hamsini. "Basi nesi aliyechoka ndivyo anavyosoma," ukasema. Ukanikataza sifuri ya nyuma, ukanilazimisha niweke ya mbele: 0.5, siyo .5 peke yake. Na kompyuta ilipoikadiria 0.04 ikawa 0.0, hukunigombeza. Ulisema tu, "Huyu umemnyima dawa."

Nilianza kumweleza mkuu haya yote. Nikafika kwenye jina lako, nikaishia hapo. Bi Asha, mwenzako wa zamu, alikuwepo, akamalizia yeye: "Marehemu alilikataa hilo, na sisi tunalikataa." Mkuu akatutazama. Akasema basi, dozi ziachwe zilivyo.

Tulishinda, dada, na hakuna aliyefurahi. Bi Asha alikwenda kujifuta macho. Mimi nikakaa ngazini, nikakukasirikia. Umewauguza watoto wa watu wote, kisha homa ya siku chache tu... Hata hukutupa nafasi ya kukuuguza.

Kazi niliyoitiwa Dar nshaikataa. Nakuahidi, sitamkabidhi mtu programu hii mpaka nimweleze kwa mdomo wangu kwa nini imeandikwa hivi, na nani aliyenifundisha.

Kwaheri, dada yangu. Mungu akupe mapumziko uliyokuwa huyapati. Ijumaa nakuja Kidichi, kaburini kwako, na Salma. Ananiuliza kila asubuhi zamu yako inaisha lini, na bado sijajua nimjibu nini.

Mdogo wako,
Hamadi