Ng'ombe Walitoka Zizi la Nani?

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo watu wa kipindi cha udaku huko Dar wananipigia simu moja kwa moja hewani na mimi nimeshawaambia ndiyo. Mimi ni fundi cherehani hapa Morotonga, na Frida, huyu mwimbaji mnayemsikia kila mahali, tumekulia kijiji kimoja, na kwa damu ni dada yangu, baba yetu ni mmoja, ingawa hakuna aliyewahi kulisema hilo mbele za watu. Mama yake aliolewa nyumba ntobhu: Bibi Weigesa alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe wake akamwoa yule binti ili azae watoto wa nyumba yake, na baba yangu ndiye aliyekuwa akiingia pale, kijiji kizima kinajua na kijiji kizima kimenyamaza. Sasa mtandaoni wameanza, baba wa Frida ni nani, mara wanaweka picha yake pembeni ya picha ya mbunge, mara ya mchungaji, na mama yake wanamwita malaya, nikashindwa kuvumilia, nikaandika chini ya picha, "Acheni matusi, baba yake namjua." Ndipo wakanifuata inbox. Fundi mwenzangu Rose ananicheka, "Dada wa staa mzima unashona sare za shule! Nenda hewani bwana, labda na sisi tutakatiwa utepe." Lakini mshauri, sitafuti jina, nampenda Frida, Krismasi iliyopita alikuja akavua viatu akakaa jikoni kwangu, nikampa ugali wa mtama na supu ya kichuri, ile chungu ya matumbo, akalamba vidole akasema, "Dada, napapenda hapa kwako, huniulizi kitu." Nataka tu watu wajue hakuokotwa. Niseme au nisiseme?

Fundi, Morotonga

Marahaba, fundi. Usiseme.

Jina la baba yako uliliandika kamili, na la kijiji, na la mbunge. Nimeyafuta. Frida na Weigesa ni majina niliyowapa mimi, na kata yako nimeibadilisha, mafundi wa Morotonga wanisamehe. Huko hewani hakuna atakayekufutia kitu.

Mimi ni mwandishi wa habari, siukatai udaku. Frida akichelewa jukwaani, waliolipa kiingilio wana haki ya kunung'unika. Akivaa gauni linalombana, chekeni, atawasamehe. Alichokitoa mwenyewe mbele ya watu ni cha watu. Lakini mama yake hakupanda jukwaa lolote. Nani aliingia nyumba ile ni habari ya mama huyo, na ya baba yako. Umemuuliza mzee? Na mama yako mzazi, ambaye barua yako nzima haimtaji hata kwa bahati mbaya, unataka ayasikie bombani akiwa na ndoo kichwani?

Hasira yako naielewa. Tusi lile lingemtoa hata mtawa kwenye sala. Ila leo wanauliza baba ni nani. Ukiwajibu, kesho watauliza alikuwa akiingia saa ngapi, na picha ya mzee wako itawekwa pembeni ya ile ya Frida, wafananishe pua. Unataka kumkinga mama wa watu, na unawakabidhi kiboko kirefu zaidi.

Wewe umezaliwa huko. Unajua wazee hawaulizi nani alimzaa. Huuliza: ng'ombe walitoka zizi la nani? Walitoka kwa Bibi Weigesa. Basi Frida ana nyumba, ana ukoo, hajaokotwa, na shauri hilo lilifungwa siku ng'ombe walipofika kwa wakwe. Unadhani kijiji kimeficha siri. Kijiji kimenyamaza kwa sababu kilishajibu.

Sasa fanya hivi. Leo, si kesho, waandikie hao watu kwamba hutazungumza. Usieleze sababu, sababu nayo ni habari. Futa yale maneno chini ya picha. Kisha mpigie Frida, umwambie ulichofanya kabla hajakisikia kwa mwingine, na kama atakufokea, nyamaza ufokewe. Akitaka siku moja kuyaeleza, atayaeleza kwa mdomo wake mwenyewe. Akikuita ukae pembeni yake siku hiyo, nenda, na uvae gauni ulilolishona kwa kutulia.

Unasema hutafuti jina. Unatafuta moja dogo: uitwe dada yake. Nimekuona, na si dhambi. Lakini rudia kusoma barua yako, pale jikoni. Kila mwanamke huitwa dada, najua. Si kila jikoni staa huvua viatu. Na sababu ya kuja alikutajia mwenyewe, ukainukuu vizuri kuliko waandishi wangu wengi, ila hukuisikia.

Krismasi ikifika, songa ugali, pasha kichuri, na usimwulize kitu.