Sadaka ya Riziki, Chandarua Changu

Jumatatu, 6 Oktoba

Alfajiri tena. Riziki, mwenzangu wa chumba, amesimama katikati, mikono juu, anakemea mashetani. Chumba chenyewe ni vitanda viwili na beseni. Hao mashetani wanakaa wapi?

Mtihani wa farmakolojia ni mwezi huu huu. Marudio. Nikianguka tena, ninarudia mwaka mzima. Nilimwomba aombe kimya. Akasema Mungu si wa kunong'onezwa. Nikatoka, nikasomea nje karibu na choo, kwa taa ya simu.

Jumanne, 7 Oktoba

Unga wa muhogo umekwisha. Ule ambao mama alinitumia kutoka Runingu, alioutwanga mwenyewe. Riziki amewapikia watu wa kikundi chake cha maombi. Na ndagala zangu pia, dagaa wakavu. Nilikuta sufuria chafu tu. Waliniachia kazi ya kuosha.

Parseli nzima, wapangaji wote wa ua huu, inampenda. Mama Feza, mwenye nyumba, anamwita malaika. Mimi ndiye msichana mwenye uso wa kukunja. Lazima uso ukunjamane, tumbo likiwa tupu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimerudi kutoka staji, mazoezi yetu ya kazi hospitalini, miguu inauma. Juu ya kitanda changu hakuna chandarua. Kamba nne zinaning'inia, basi.

Riziki hakuficha hata kidogo. Amekipeleka kwa mama mmoja huko chini, karibu na mto Mulongwe, mwenye mtoto mchanga.

"Na chako?" Chake kilikuwa pale pale, kimefungwa vizuri.

"Changu iko na matundu, Faida. Mungu hapewi kitu ya kuharibika."

"Miye nilikutuma?"

"Sasa weye unataka mutoto akufe?"

 Ndivyo anavyofanya siku zote. Anakupangia maneno mpaka ukitaka chako unaonekana mchawi.  Mbu wanaimba sikioni. Wafurahi, wamefunguliwa mlango.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekwenda kukichukua. Kweli, nilikuwa nimeamua.

Nyumba iko kwenye matope ambayo mto uliacha. Mama mwenyewe ni mdogo kwangu. Mtoto alikuwa amelala ndani ya chandarua changu, ngumi zimefumbwa. Nilikijua kwa uzi mweusi niliokishonea. Mama yule akanishika mikono miwili. "Mwambie Riziki Mungu amubariki. Alijinyima yeye mwenyewe pesa ya kununua nguo ili atununulie hii."

Amewaambia alikinunua.

 Nitamnyang'anya mtoto? Nikarudi kwa miguu, nalia kwa hasira barabarani, watu wa moto, zile pikipiki za kukodi, wananiuliza kama nimefiwa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Homa. Baridi ndani ya mifupa, halafu jasho. Wenzangu wa staji wamenitoa tone la damu. Malaria, na ni nyingi. Najua dawa zote zinavyofanya kazi mwilini, nimezikariri wiki nzima. Leo nimezimeza.

Riziki ameniwekea mkono kwenye paji la uso akaomba akinena kwa lugha. Sikuwa na nguvu ya kuuondoa. Mama Feza akasema mlangoni, "Iko na bahati, huyu. Iko na mutu wa kumuombea."

Namchukia. Naandika hivi ili nisijidanganye.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimefanya mtihani. Maswali yalikuwa yanaogelea kwenye karatasi. Nilitoka mara moja kutapika, nikarudi. Mwalimu alinitazama, akafungua dirisha. Niliandika mpaka mwisho.

Jumapili, 2 Novemba

Nimepita! Jina langu liko ukutani chuoni, jana nililishika kwa kidole.

Riziki alisisitiza twende wote kanisani kwake kushukuru. Nikakubali, nilikuwa na furaha, mjinga mimi. Wakati wa ushuhuda akasimama mbele. Akasimulia jinsi dada yake wa chumba alivyoshambuliwa na roho ya ugonjwa. Jinsi yeye alivyofunga na kuomba. Jinsi Mungu alivyompitisha mtihani kwa ajili ya maombi yake. Watu wakapiga vigelegele. Akaniita mbele nithibitishe.

Nilikwenda. Miguu yenyewe ilikwenda.

Nikasema, "Huyu alitoa chandarua yangu bila kuniuliza. Yake akaiacha. Akawaambia wale watu aliinunua. Nilipata malaria. Nilisoma nikiwa na homa. Mungu namushukuru. Riziki, hapana."

 Halafu mtu wa kinanda akaanza kupiga, na kwaya ikadakia haraka haraka. Riziki alinitazama kama vile nimemvua nguo. 

Sijutii. 

Jumatatu, 3 Novemba

Mama Feza amesema niombe msamaha mbele ya kikundi, au nitoke. Eti huwezi kumwaibisha mtumishi wa Mungu ukaendelea kulala chini ya bati la Mama Feza. Riziki alikaa kitandani, analia, wanawake watatu wanampapasa mgongo. Hakuna aliyeniuliza kama ni kweli.

Nimefunga godoro. Dereva wa moto akalifunga nyuma kwa mpira, nikapanda kati yake na vitu vyangu. Sikuaga.

Alhamisi, 6 Novemba

Chumba kipya, nyuma ya soko. Bati linavuja kona moja. Mwenzangu anaitwa Goreti, kutoka uwandani, kule kwenye tambarare, anasomea ualimu, haongei sana.

Leo jioni mvua ilinyesha. Nilikuwa nimelala nikisoma. Goreti alisimama na nguo zake chafu mkononi, akangoja mpaka niinue macho.

"Faida, naweza kutumia beseni yako?"

Nikaweka kitabu kifuani. Nikasema ndiyo, chukua. Akalichukua, akatoka nalo kwenye mvua. Niligeukia ukutani nikalia kidogo, kisha nikarudi kwenye kitabu.