Kiti cha Kumi na Moja

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo. Mikate inatoka vizuri, ila sasa Ijumaa jioni tanuri nalizima, na nina furaha ambayo siwezi kuinyamazia.

Miaka sita sasa, kila unapokuja kuhubiri Sabato, unaniletea wageni tisa. Ninyi mnapumzika, mimi napika na kupakua. Nikilalamika, unaniambia, "Mdogo wangu, hiyo ndiyo ibada yako." Basi juzi nimeisoma ile amri ya Sabato mwenyewe. Mtumishi ametajwa apumzike. Ng'ombe ametajwa, hata punda. Nikacheka peke yangu: kumbe punda ananizidi haki.

Kaka, Mungu aliwatoa watu utumwani, ndipo akawapa siku ya kupumzika. Hakuwatoa ili utumwa wamhamishie dada yao. Sabato iliyopita nilikaa kanisani tangu wimbo wa kwanza, nikaimba mpaka sauti ikakauka.

Ukikasirika ukaacha kuja, itaniuma, maana tangu mama afariki tumebaki wawili tu. Lakini njoo, na hao tisa waje. Nitapika Ijumaa, tutakula chakula kikiwa baridi. Nimepanga viti kumi na kimoja, na hicho kimoja nitakikalia mimi.

Mdogo wako,
Mwoka mikate