Mtaro wa Nepia Umesimamishwa

Jumamosi, Aprili 1997. Manyunyu tangu alfajiri, ukungu umekalia majani ya chai.

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba kazi ya kuchimba mtaro wa kukausha kinamasi changu, hapa karibu na Roret, imesimamishwa kwa muda usiojulikana. Taifa liwe tulivu.

Taifa lenyewe ni mke wangu, Mama Chebet, na ng'ombe mmoja. Mke amechoka kupanda mlima na mzigo wa nyasi kutoka barabarani. Ng'ombe naye maziwa yanapungua. Niliahidi kwamba kinamasi kikikauka tutapanda nyasi za nepia, shida kwisha. Mwaka jana pia niliahidi.

Leo nikamwita shemeji yangu Wilson, ndugu ya mke wangu, tuchimbe pamoja. Nilisahau kwamba ukoo wao ni wa kong'ony, yule korongo mrefu mwenye taji la dhahabu, na ni mwiko kwao kumdhuru. Na pale katikati ya matete, juu ya rundo la majani, kong'ony alikuwa ameatamia. Mwenzake alisimama kando majini kama askari wa benki.

Wilson akavua kofia. "Chamgei, watu wa nyumbani," akawasalimia.

"Hao jamaa zako wanalipa kodi?"

"Waulize, shemeji. Lakini wewe ni wa ukoo wa nyani, nani atakujibu?"

Tukarudi nyumbani mapema. Nikamweleza Mama Chebet kwamba ndugu yake amekataa, mambo ya ukoo, mimi ningefanya nini? Akamtazama Wilson, akanitazama mimi.

"Sawa. Na nyasi zitakatwa na ukoo?"

Sasa ukweli, maana hapa daftarini hakuna wa kunicheka.

Wilson hakukataa. Baada ya salamu alishika jembe, akasema tuanzie upande wa mbali, hao ndege watajipanga. Ni mimi niliyesogea karibu. Yule aliyeatamia hakuruka. Alikaa tu, mvua ikimtiririka mgongoni, akinitazama kwa jicho moja, na mimi nimeinua jembe kama mwizi wa kuku. Ukoo wangu haunikatazi chochote juu ya ndege huyu.

Sikuweza tu.

Nikamwambia Wilson anibebee hiyo lawama, yeye ana sababu. Alicheka mpaka akakaa kwenye matope.

Mama Chebet hajui. Ama anajua, kwa sababu jioni alinipa panga na kamba. Nimekata nyasi mwenyewe, nimepanda ule mlima nikipumzika kila kona.

Ng'ombe amekula zote, kisha akaniangalia kama anangoja nyingine.