Mshonaji wa Mifuko ya Vumbi

Kiganjo, Nyeri
Jumapili mchana

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Na Bibi, kikohozi kimetulia, au bado anaitema dawa akisema ni chungu? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ingawa baridi ya huku naivalia sweta mbili na soksi hadi kitandani. Keti vizuri usome taratibu, maana leo nina la kujivunia na sitajizuia.

Siku niliyoondoka Malindi ulicheka mbele ya wateja: "Mwanangu anaacha kushona kanzu, anakwenda bara kushona mifuko ya vumbi!" Ukaifunika cherehani yangu kwa shuka, ukasema unanitunzia, kwamba nitarudi kabla ya Ramadhani. Baba, wiki mbili zilizopita nilikaribia kurudi kweli.

Nikueleze kazi yenyewe. Katika kiwanda chetu cha unga, hewa yenye vumbi hupitishwa kwenye mifuko mirefu ya kitambaa, mfano wa mikono ya kanzu, iliyoning'inia ndani ya sanduku kubwa la chuma. Hewa hupenya, vumbi hubaki nje ya mfuko. Kila mara mfuko hupulizwa kutoka ndani, vumbi likaanguka chini. Lakini vumbi likisuguana na kitambaa huacha umeme tuli, ule unaoifanya sweta itatarike ukiivua. Kwetu hewa ina unyevu, ndiyo maana umeme huo huujui. Huku Januari, ukishika kitasa cha mlango unaruka. Umeme huo ukijaa, vumbi hung'ang'ania kitambaa, na cheche moja tu yaweza kulipua unga uliomo hewani. Ndiyo maana nashonea shingoni mwa kila mfuko mkia wa waya. Mkia hubanwa kwenye chuma cha sanduku, umeme ukashuka ardhini.

Basi nilishona mifuko mipya yote, ikafungwa. Siku ya tatu ikaziba, vumbi likatapakaa kiwandani, mashine ikazimwa. Bwana Gathogo, msimamizi wetu, akanijia mbele ya watu wote.

"Mwanaisha, hii mifuko yako ndio iko na shida. Ile ya zamani ilikuwa inafanya kazi poa. Ati fundi wa pwani! Kesho naambia mdosi atafute mwingine."

Sikufichi, Baba, nililia chooni. Ni kama nilikuona ukiifunua ile shuka. Kisha nikanawa uso, nikaitandaza mifuko mezani, nikavuta kila mshono kwa kucha kama ulivyonifundisha. Hakuna uzi uliolegea. Mikia yote mizima. Nikachungulia ndani ya sanduku, na pale inapobanwa mikia pakanimeremetea. Rangi! Mpya kabisa, ya fedha.

Huku bara, mgeni akitarajiwa, kila kitu hupakwa rangi, hata mawe ya kando ya njia. Mwenye kiwanda alikuwa analeta wageni, na sanduku lilikuwa wazi likisubiri mifuko yangu. Gathogo akaamuru lipakwe ndani na nje.

Nikamwita Wangeci, fundi wa umeme, binti wa hapa jirani, Giakanja, asiyeogopa mtu. Akaweka mita yake kwenye mkia na kwenye chuma.

"Wee! Hapa umeme haipiti hata kidogo. Nani alipaka hapa rangi?"

Watu wote wakamtazama Gathogo. Naye akautazama ukuta.

Nikamwambia, "Tuikwangue. Mifuko ikiziba tena, nitafunga mizigo yangu mwenyewe." Akakubali. Tukafuta vumbi lote, tukakwangua kutwa nzima mpaka chuma kikaonekana, na Wangeci akakataa mashine iwashwe kabla hajapima kila mkia.

Siku ya tatu sikula. Nilisimama mbele ya geji, ile saa ya sanduku ambayo mshale wake hupanda mifuko ikiziba; mshale ukatulia palepale. Siku ya nne vilevile. Ya tano tukafungua: vumbi lote limelala chini, mifuko inaning'inia mikavu na misafi. Nilipiga kigelegele, Baba, ndani ya kiwanda!

Gathogo ni muungwana. Aliniaibisha mbele ya watu, na mbele ya watu haohao akasema, "Nilikukosea, Mwanaisha. Hiyo rangi ni mimi." Sasa hakuna anayeshika brashi pale bila kuniuliza. Na viwanda vya Karatina na Nanyuki vimeniagiza nivishonee mifuko.

Nisalimie Bibi, mwambie anywe dawa. Ami Salim anayekukatia vitambaa, mwambie mkono wangu bado umenyooka. Mdogo wangu Zena nambusu mashavu yote mawili.

Na ile cherehani, Baba, usinitunzie tena. Ivue shuka, itie mafuta, mpe Zena. Na mteja akiuliza niko wapi, mjibu kama ulivyosema siku ile, kwa sauti ileile.

Mwanao akupendaye,
Mwanaisha, mshonaji wa mifuko ya vumbi