Mkono Ukipanda Juu

Dada yangu,

Sisi huku wazima, ila mama hataki kula. Bado tunamtafuta mdogo wetu bwawani, alikotumbukia na pikipiki yake. Kifaa changu cha kusakia chuma majini kilikuwa kinalialia ovyo. Kikilia nainua mkono, na mama kule ukingoni anasimama. Napiga mbizi, napapasa tope, sioni kitu.

Nilishuku betri, nikabadilisha, wapi! Jana nikagundua kinalilia kisu changu mwenyewe, nilichokifunga kwenye mkono huohuo ulioshika kifaa. Ungenicheka. Nikakifungua kisu, kifaa kikanyamaza hadi jioni.

Mama hakusimama hata mara moja. Njiani akaniuliza, "Mwanangu, kwa nini umekitengeneza?"

Njoo, dada.

Mdogo wako, mzamiaji